Naomba ushauri: mota ya ukutani ya mlango wa gereji

Habari zenu wakuu. Nipo Minnesota, gereji yangu ni ya magari mawili na chumba cha watoto kiko juu yake. Mota iliyopo ni ya mnyororo, inaning'inia darini. Nikirudi zamu ya usiku nyumba nzima inaamka. Nataka ile ya kufungwa ukutani, pembeni ya mlango, inayozungusha moja kwa moja chuma cha springi. Springi zangu ziko kwenye chuma juu ya mlango, kwa hiyo hapo niko sawa. Nimeitazama LiftMaster 8500W. Aliyewahi kuifunga, baridi ya huku haiisumbui? Betri ya akiba inafaa kununua? Na je, nifunge mwenyewe au niite fundi? Springi naziogopa, zikifyatuka zinaua mtu. Mke wangu anasema gari lilale nje tu, lakini barafu ya Januari nakwangua mimi.