Kabla ya kutangaza mtiririko hauna uthabiti, kagueni kwanza matriksi zenu!

Wakuu, hii tabia imezidi. Mtu anatatua mlinganyo wa Orr-Sommerfeld (unaoonyesha kama usumbufu mdogo kwenye mtiririko utakua au utafifia) kwa polinomia za Chebyshev, anapata thamani ya aigeni (namba c inayobeba kasi na ukuaji wa usumbufu) yenye sehemu ya i kubwa kupindukia, yaani ukuaji mkubwa, papo hapo anafungua uzi kwamba mtiririko umekosa uthabiti. Ukimwuliza ametumia N ngapi, yaani polinomia ngapi, kimya.

Kipimo cha kukagulia programu kipo tangu 1971, alikitoa mwanahisabati Orszag. Mtiririko wa Poiseuille kati ya kuta mbili sambamba, Re (namba ya Reynolds: kasi mara upana, kugawanya kwa mnato) = 10000, α (namba ya wimbi la usumbufu) = 1: kuna hali moja tu, yaani umbo moja la usumbufu, inayokua, c = 0.23752649 + 0.00373967i. Programu isiyotoa tarakimu hizo haijawa tayari. Iendeshe kwa N = 50, kisha 80, kisha 100. Thamani ya kweli haibanduki. Ya uongo inahamahama kila ukibadilisha N.

Na hizo za uongo mnazitengeneza wenyewe! Mlinganyo ukigeuzwa matriksi unakuwa Ax = cBx. Masharti ya mpakani ni manne, v = 0 na v′ = 0 kwa kila ukuta (v ni kasi ya usumbufu kuelekea ukutani, v′ ni derivativu yake). Mnayapachika kwenye safu nne za mlalo za A, halafu safu hizohizo za B mnaziacha sifuri. B haina kinyume tena, kikokotozi kinatema namba kubwa za ovyo, na baadhi zinaangukia upande wa kukua. Andikeni masharti kwenye B, na kwenye A masharti yaleyale yakiwa yamezidishwa kwa −200i. Zote nne zitakwenda kukaa kwenye −200i, hazitasumbua mtu.

Wengine dawa yao ni kupandisha N tu. Jamani, namba za matriksi ya derivativu ya nne hukua kama N⁸! Ukifika N = 200 kwa tarakimu 16 za kompyuta, makosa ya ukadiriaji yameshaanza kula jibu.

Halafu hii ya Re inakera kuliko zote. 5772, Re ambapo hali ya kwanza huanza kukua, ni ya kasi ya katikati na nusu ya upana wa mfereji. Ukitumia kasi ya wastani na upana mzima, mpaka uleule unasomeka 7696. Mnabishana kurasa nzima kumbe kila mtu ana Re yake.

Na anayeandika kwamba chini ya 5772 mfereji ni shwari, aache kupotosha. Maabara huona msukosuko hata karibu na Re 1000. Hali za aigeni hapa si za pembemraba (haziko wima moja kwa nyingine), kwa hiyo nishati ya usumbufu inaweza kupanda mara nyingi kabla ya kufifia, ingawa kila hali peke yake inafifia. Hilo linapimwa kwa kukokotoa huo ukuaji wa muda mfupi. Orodha ya thamani za aigeni haitoshi.

Atakayeleta matokeo aweke N zote alizojaribu, maana ya Re yake, na zile safu nne za A na B.