Anayetutoa machozi anapewa tuzo. Anayetutisha na kutuchekesha je?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Hili jambo limenikaa kooni muda mrefu, leo nalitema.

Kuna mazoea kwamba filamu nzuri ni ya huzuni. Mtu anaugua, anafiwa, anateswa, piano inalia taratibu, tunatoka macho mekundu tukisema "ile ndiyo filamu bwana". Ya kutisha eti ni ya vijana wa sekondari, ya kuchekesha ni ya kupotezea muda, na ya ngumi ni ya wahuni. Mimi naangalia zote, na msimamo wangu ni huu: kumtisha mtu mzima au kumchekesha ni kazi ngumu kuliko kumliza, na wagawa tuzo wanalipa kinyume.

Chukueni Lupita Nyong'o. Mwaka 2014 alibeba Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike kwa nafasi ya Patsey, mtumwa anayeteswa, katika 12 Years a Slave. Alistahili, sina ugomvi. Mwaka 2019 akacheza Us ya Jordan Peele, filamu ya kutisha, na humo yeye ni watu wawili: Adelaide, mama mwenye familia, na Red, anayefanana naye sura kwa sura. Sauti ya Red inakwaruza kama mtu anayevuta kila neno kwa kamba kutoka kisimani. Lupita mwenyewe alieleza kwamba aliichota kwenye ugonjwa halisi, ule unaofanya misuli ya koo ikaze yenyewe mtu akitaka kusema. Kuna mahali wote wawili wako sebuleni. Red amekaa anasimulia kwa mtindo wa hadithi za watoto, Adelaide amefungwa pingu kwenye meza, anasikiliza huku machozi yakimtoka. Angalia uso huu, hamia ule. Ukifika katikati umeshasahau kwamba ni mtu mmoja. Wapiga kura wa Oscar hawakumweka hata kati ya watano wa kuwania.

Kwa nini naona kazi hii ni ngumu zaidi? Kwa sababu machozi unaweza kuyaomba. Weka mtoto, weka jeneza, weka barua iliyochelewa kufika. Mimi hulia hata kwenye tangazo la sabuni, kwa hiyo machozi yangu si ushahidi wa kitu. Lakini jaribu kumwomba mtu acheke. Au jaribu kumtisha mtu aliyekaa kwenye kochi lake, taa zinawaka, na anajua fika kwamba yule papa ni mpira na vyuma.

Na papa wa filamu ya Jaws kweli alikuwa mpira na vyuma, tena vibovu. Walipokuwa wanapiga picha baharini mashine iligoma kila mara. Mwongozaji Spielberg, kijana ambaye hajafika hata miaka 30, akalazimika kumficha. Badala ya papa tukapewa pezi, mapipa ya njano yanayoburutwa juu ya maji, na zile noti mbili za mtunzi wa muziki John Williams. Papa mwenyewe humwoni sawasawa mpaka saa nzima imepita, na watu waliogopa bahari tangu dakika ya tano. Ilipofika siku ya tuzo, filamu ikapata Oscar tatu: uhariri, muziki na sauti. Ikawania hata filamu bora. Mwongozaji hakuteuliwa! Yaani imehaririwa vizuri, ina muziki mzuri, inasikika vizuri, na aliyeviunganisha vyote hivyo haonekani.

Upande wa vichekesho namleta mchekeshaji Buster Keaton, mwaka 1928, katika Steamboat Bill, Jr. Ukuta wa mbele wa nyumba unang'oka na kumwangukia mzima mzima. Anapona kwa sababu amesimama sawasawa palipo na uwazi wa dirisha la juu. Ukuta ulikuwa wa kweli na mzito, na nafasi ya kila upande ilikuwa ndogo mno. Nusu hatua pembeni tungekuwa tunamzungumza marehemu. Na usoni hakuna kitu, hakupepesa hata jicho. Unacheka, halafu unajishtukia umeshika mdomo.

Nawasilisha. Karibuni mnipinge.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umeandika vizuri ila mifano umeichagua kama anayechambua mchele: mawe yote umeyaacha kwenye ungo. Kathy Bates alichukua Oscar ya mwigizaji bora wa kike kwa Misery, filamu ya 1990, na mle ndani anamvunja mtu vifundo vya miguu kwa nyundo. The Silence of the Lambs mwaka 1992 ikasomba tano kubwa zote: filamu bora, mwongozaji, mwigizaji wa kiume, wa kike, na mswada. Sasa hapo wamelipa kinyume vipi?

Shida ni kwamba filamu nyingi za kutisha ni mbovu, basi. Taa inazimika, simu haina mtandao, binti anasikia kishindo na badala ya kukimbia nje anapanda ghorofani peke yake, tena anauliza "kuna mtu?" Paka anaruka, spika zinapasuka, wewe unamwaga bisi. Hapo mwongozaji amefanya nini? Hata mlango ukibamizwa na upepo nashtuka. Siupi mlango tuzo.

Mleta mada

Hiyo ya mlango imenichekesha, nakupa pointi yako. Kathy Bates pia nakupa, nilimsahau kabisa.

Lakini umechanganya kushtua na kutisha. Mwongozaji Alfred Hitchcock alikuwa na mfano wake maarufu wa bomu chini ya meza. Watu wamekaa wanapiga soga, bomu linalipuka ghafla: mtazamaji ameshtuka sekunde 15. Sasa mwonyeshe mtazamaji bomu mapema, mwonyeshe na saa ya ukutani, halafu waache walewale waendelee na soga zilezile. Umempa dakika 15 za mateso, na kila neno la kipuuzi linageuka kisu. Mlango wako ni ule mlipuko. Mimi nazungumzia soga. Na huyo Hitchcock aliteuliwa mwongozaji bora mara tano, akaondoka mikono mitupu mara zote tano, mpaka mwaka 1968 walipompa tuzo ya heshima.

Kuhusu The Silence of the Lambs, hebu msikilize mtu yeyote anayeisifia. Atakwambia "ile si ya kutisha, ile ni ya upelelezi." Humo mna mla watu na mtu anayechuna wanawake ngozi, lakini ikishashinda inabadilishwa jina. Get Out nayo, ambamo watu weusi wanaporwa miili yao wangali hai, kwenye tuzo za Golden Globes ilishindanishwa katika kundi la vichekesho na muziki. Muziki, wakuu!

Mchangiaji wa pili

Mnagombania vya kutisha na vichekesho, sisi watu wa ngumi tukae wapi? Huku kwetu hata hatuchekwi, tunapuuzwa tu.

Police Story ya 1985. Jackie Chan yuko ghorofa ya juu ndani ya jengo la maduka, anarukia nguzo iliyozungushiwa taa na kuteleza mpaka chini, taa zinapasuka njia nzima, anatua juu ya vioo. Viganja viliungua kweli. Hakuna kompyuta iliyomsaidia. Oscar yake ya heshima ilikuja 2016, naye ana miaka 62. Na wale wanaoanguka kwa niaba ya nyota, wanaowaka moto huku sura zao zimefichwa, kipengele chao kimekubaliwa mwaka 2025, tena kitaanza na filamu zitakazotoka 2027. Sherehe yenyewe itakuwa ya 100. Watu wameanguka miaka mia bila kuitwa jina!

Ila na mimi nina kinyongo na filamu zangu. Siku hizi pigano linakatwakatwa, ngumi moja picha tano, kamera inatetemeka kama ina homa. Hujui nani kampiga nani, unasubiri tu uone aliyebaki wima. Zamani stelingi hauawi, lakini angalau ulimwona akipigana. Kamera ilisimama mbali, mwili mzima unaonekana, na asiyejua kupigana aliumbuka.

Mchangiaji wa tatu

Mnalilia tuzo kama mlizaliwa nazo. Mimi nawauliza swali moja: Sholay, ile filamu ya Kihindi, mtaiweka kundi gani?

Imetoka 1975. Wiki za mwanzo ilidhaniwa imeanguka, halafu ikakaa kwenye ukumbi mmoja wa Bombay zaidi ya miaka mitano. Humo mna majambazi, marafiki wa kufa na kuzikana, mkuu wa jela wa kuchekesha, mjane asiyesema, na Gabbar, jambazi mkuu, ambaye akicheka ndipo unapoogopa. Chukua pale Basanti anapolazimishwa kucheza. Veeru, mpenzi wake, amefungwa, miguu ya Basanti ikisimama Veeru anapigwa risasi, kisha wanavunja chupa na kumwaga vioo miguuni pake. Ni wimbo. Ni mapenzi. Ni mateso. Unatikisa kichwa kwa mdundo huku tumbo limekukaza. Wahindi hawakukaa chini kuuliza kwanza hii tuiweke kabati lipi. Mleta mada, ugomvi wako wote umesimama juu ya makabati.

Mchangiaji wa nne

Kaka mleta mada, umeyadharau machozi na mimi sikubali. Ulichokielezea ni machozi ya bei rahisi: jeneza, piano, barua.

Tafuta Tokyo Story, filamu ya Mjapani Ozu, ya mwaka 1953. Wazee wawili wanakwenda mjini kuwatembelea watoto wao. Watoto si wabaya, wana shughuli tu. Wanawapokea, wanawasukumia kwa mwingine, mwisho wanawalipia hotelini ili wawaondoe nyumbani. Baadaye mama anafariki. Baada ya mazishi familia imekaa inakula, na binti mkubwa, katikati ya chakula, anataja nguo za mama ambazo angependa kuzichukua. Hakuna anayepaza sauti. Kamera haikimbilii uso wa mtu, imekaa chini palepale usawa wa aliyeketi, kama mgeni mwenye adabu. Mara ya kwanza sikulia. Nililia siku mbili baadaye, nikiwa naosha vyombo, kwa sababu nilikumbuka kitu nilichowahi kumwambia mama yangu.

Sasa niambie hiyo nayo ni kazi rahisi.

Mleta mada

Dada, umenibana, tena umenibana pabaya.

Nakubali nilikosea kupima filamu mbaya za huzuni kwa filamu nzuri za kutisha. Piano ya kulazimisha ni ndugu wa ule mlango wa mchangiaji wa kwanza, vyote vinakugonga vitoke. Bomu la Hitchcock na nguo za yule mama naona ni kitu kimoja: umeachwa na watu wanaozungumza mambo ya kawaida, na wewe peke yako ndiye unayejua kilichoko chini ya meza. Hilo sikuwa nimeliwaza wakati naandika mada.

Mchangiaji wa tatu, makabati sikuyajenga mimi. Yakivunjwa kesho nitakuja na nyundo yangu. Lakini leo yapo, na kura zinapigwa kwa kuyatazama, ndiyo maana nagombana nayo. Na wewe wa ngumi, kuhusu kamera inayotetemeka tuko pamoja. Fungua mada yako, nitakuja kukaa mbele.

Hata hivyo kwa Lupita siondoki. Jana usiku nimeirudia ile ya sebuleni, mara hii nimezima sauti ili nione kama ni koo tu linalotisha. Red hasogei. Mabega yamenyooka, macho hayapepesi, mikono imetulia mapajani kama ya mtu aliyefundishwa kukaa na mtu mkali sana. Adelaide upande wa pili anahema kwa bega moja. Nikazima na taa, nikajuta.