Mrejesho: gari la kwanza la binti yangu

Wakuu, niliuliza humu nichukue Toyota Vitz ya cc 1000 au Toyota IST kwa binti yangu wa miaka 18, ndiyo kwanza kapata leseni. Tumechukua IST ya cc 1300.

Vitz inakunywa kidogo, sikatai, ila njia ya kwetu Goba ni milima na mashimo. Vitz ile ya silinda tatu, tukiwa wanne na AC imewashwa, ilikuwa inalia tu kwenye kupanda.

Kilichoniokoa ni ule ushauri wenu wa kwenda na fundi wangu mwenyewe. IST ya kwanza iling'aa kweli. Fundi akafunua zulia la buti, akakuta bati limenyooshwa na kupigwa rangi upya, dalili ya kugongwa. Tukaaga. Ya pili imepauka, lakini injini kavu, haivuji oili, gia haishtui, na kadi ya gari ina jina la muuzaji. Faini za barabarani tuliziangalia kwa namba ya gari, akazilipa kabla hatujasaini mkataba.

Chenji imeishia kwenye matairi mawili ya mbele na bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe.

Mama yake alitaka Harrier, gari kubwa zaidi, eti mtoto asidharauliwe. Juzi, siku ya tatu tu, mtoto kakwangua bampa getini. Mama kimya.