Mrejesho: gari lililokuwa linagoma kupanda Bugando

Wakuu, niliwauliza kuhusu gari langu linalokosa nguvu ghafla nikipanda mlima wa Bugando hapa Mwanza: taa ya injini inawaka, nakanyaga mafuta halisikii. Kodi ya hitilafu iliyosomwa kwenye gari ilikuwa P2135, yaani sensa (vihisi) mbili za throto, mlango wa kuingizia hewa kwenye injini, hazikubaliani. Fundi wa kwanza alitaka ninunue throto bodi nzima, nusura nitoe hela. Mliosema tupime waya kwanza, asanteni sana. Fundi umeme wa Nyakato kapima volti 5 za kulisha sensa, zipo. Kutikisa waya wa hasi, usomaji wa sensa ukaruka. Kachomoa soketi ya waya za throto: pini moja ina kutu ya kijani! Kaisafisha, kaibana upya, kafuta kodi. Wiki ya pili hii, Igoma hadi Kisesa kila siku, taa haijarudi. Na throto bodi mpya ingechomekwa soketi ileile yenye kutu, tatizo lingebaki.