Mfalme wa Wahindu wa kale alikuwa anafanya anachotaka?

Baraza_Mikindani: Wakuu habari za saizi, huku Mtwara kuna ubishi barazani, jamaa wanasema kwa Wahindu wa kale mfalme alikuwa mungu, hakuna wa kumgusa. Ni kweli?

Korosho_Lindi: Nusu kweli kaka, kuitwa mungu aliitwa, ila si kwamba hakuna wa kumgusa. Manusmriti, kitabu cha kale cha sheria za Wahindu, inasema mfalme kaumbwa ili alinde watu, kashika danda, fimbo ya adhabu, asipoitumia wenye nguvu watawabanika wanyonge kama samaki kwenye kijiti, si unawaona changu pale feri wamechomekwa mdomo hadi mkia, ndo hivyohivyo. Ila akiipindisha inammaliza yeye na ukoo wake.

Shangani_Juu: Naongezea, wakulima walitoa kama sehemu ya sita ya nafaka, ndo ujira wa kulindwa. Na kwenye Mahabharata, utenzi mrefu wa kale wa Wahindu, kuna mfalme Vena, dhalimu kweli, marishi, yaani wale wahenga watakatifu, wakamuua kwa majani ya kusha, nyasi takatifu, yaliyosomewa mantra, maneno matakatifu, baada yake akatawala Prithu.

Baraza_Mikindani: Duh, asanteni sana. Na watu wa chini je?

Korosho_Lindi: Hapo ndo roho inaniuma, maana utaratibu wenyewe aliotakiwa kuulinda ni wa matabaka, Shudra, tabaka la chini, kazi yake kutumikia wengine, sasa ulinzi ulikuwepo lakini usawa hamna.