Broila mnamsingizia, homoni mnazipaka kichwani wenyewe

Mpenda Supu:
Wadau tubishane kidogo. Siku hizi mwanaume akiota matiti ni broila, binti akivunja ungo na miaka tisa ni broila, mama akikutwa na uvimbe kwenye kizazi ni broila, eti kuku wa kisasa wanachomwa homoni ndo maana wiki sita tu yuko kwenye sahani. Mimi nasema mnamsingizia, na wakati mnamkimbia huyo kuku zile kemikali zinazojifanya homoni mwilini mnazipaka kichwani kwenye dawa ya nywele na kufunikia wali kwa mifuko ya plastiki.

Chuo Kikuu cha Alberta kule Canada walifuga mbegu tatu za kuku, ya 1957, ya 1978 na ya 2005, chakula aina moja, majibu wakayatoa 2014. Siku ya 56 yule wa 1957 ana gramu 905, wa 2005 ana kilo 4.2. Hamna sindano hapo, ni watu kuchagua mbegu miaka na miaka.

Ila uvumi nao haukuzuka hewani. Marekani miaka ya 1950 kulikuwa na homoni ya kutengenezwa inaitwa DES, walikuwa wanaipachika chini ya ngozi ya shingo ya kuku ili anenepe, wakaikataza kwa kuku 1959. Sasa kituko chenyewe, dawa hiyo hiyo wajawazito waliendelea kupewa eti mimba isitoke, mpaka 1971 madaktari wa Boston wakaripoti mabinti wanane wenye kansa ya uke ambayo kwa umri wao karibu haipo kabisa, na saba kati yao mama zao walitumia DES wakiwa na mimba zao. Yaani kuku aliokolewa miaka 12 kabla ya mwanamke.

Mfugaji Chanika:
Asante mkuu umetusemea. Chakula kinavyopanda bei hivi hela ya kumchoma homoni kila kifaranga naitoa wapi? Na hata ukiichanganya kwenye chakula ile homoni ya ukuaji kuku anaimeng'enya kama protini nyingine tu, haifanyi kazi. Ila wafugaji wenzangu tusidanganyane, kuna watu wanampa kuku antibiotiki leo kesho kutwa yuko sokoni, hawasubiri zile siku za dawa kuisha mwilini. Mngetusema kwa hilo ningenyamaza.

Dada wa Saluni:
Hiyo ya "mnazipaka kichwani" naona umenilenga mimi. Naweka watu dawa ya nywele kila wiki, bibi zetu wameweka, leta ushahidi sio maneno.

Mpenda Supu:
Dada angu sijakulenga. 2022 taasisi ya afya ya serikali ya Marekani walitoa utafiti, karibu wanawake 34,000 wamefuatiliwa kama miaka 11. Waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka, makadirio ya kupata kansa ya mfuko wa uzazi wakifika miaka 70 ni asilimia 4.05, wasiotumia ni 1.64.

Dada wa Saluni:
Kwa hiyo 96 kati ya 100 hawapati. Na waliandika ni dawa gani, ya kopo lipi?

Mpenda Supu:
Hawakuandika, hapo umenibana na nakubali. Na huo ni uhusiano tu, haujathibitisha kwamba dawa ndo iliyoleta kansa. Lakini mara mbili na ushee sio kitu cha kucheka nacho, hasa kwa mteja anayeanza kuwekwa dawa akiwa darasa la tatu.

Sumu Ni Kipimo:
Tatizo lenu mnatisha watu bila kusema kiasi. Chukua BPA, kemikali ya kwenye baadhi ya plastiki inayojifanya homoni, wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya 2023 walishusha kiwango salama cha siku mara 20,000, kutoka mikrogramu 4 kwa kilo ya uzito wa mtu mpaka nanogramu 0.2. Wajerumani wakagoma, wao wakaweka kiwango mara 1,000 juu ya hicho. Wenye maabara zao hawaelewani alafu wewe unamtisha mama ntilie? Na huo mfuko anaofunikia wali ni polithini, hauna kazi na BPA. BPA itafute kwenye yale madumu magumu ya maji ya dispensa na utando wa ndani wa makopo.

Mpenda Supu:
Umeongea kisomi ila umeacha kitu, hata hao Wajerumani kiwango chao ni mara 20 chini ya kile cha zamani, kwa hiyo wanagombana imeshuka kiasi gani, hawagombani kama ilistahili kushuka. Na mwisho wa 2024 Ulaya ikaipiga marufuku kwenye vifaa vinavyogusa chakula. Alafu hiyo "sumu ni kipimo" kwenye homoni inayumba, mwili wenyewe unaendeshwa na homoni chembe kidogo mno, na wakati nao una maana, wale mabinti wa Boston hawakumeza kitu, walikuwa tumboni tu. Kuhusu wali, mfuko hauna jina la kiwanda wala nembo, umetengenezwa kubebea nyanya, ukiuwekea mvuke nusu saa nani anajua nini kinashuka? Wewe unajua?

Sumu Ni Kipimo:
Sijui, na wewe hujui. Haya na risiti je? Nasikia nazo zina BPA, tuache kudai?

Mpenda Supu:
Dai mkuu, TRA wa kodi wasije wakasema nimewachochea. Zile karatasi za kuchapwa kwa joto nyingi zilikuwa zinapakwa BPA, Ulaya wakaibana 2020, za kwetu sijaona aliyezipima. Wewe unayeishika mara moja ukaitupa sina wasiwasi na wewe. Nina wasiwasi na binti wa kaunta anayezishika kutwa nzima huku anajipaka sanitaiza, maana sanitaiza na losheni zinafanya ipenye ngozi haraka. Huyo akiwa mjamzito bosi wake ampe glavu au amhamishie stoo.

Dada wa Saluni:
Mimi sifungi saluni, watoto wanasoma. Ila mjamzito akija namwambia asuke tu, hiyo naweza. Na wewe Mpenda Supu ukija na mkeo usiniletee takwimu kwenye kiti changu.