Mrejesho: James Carr alipotelea wapi?

Wakuu, si niliuliza kwa nini James Carr, yule mwimbaji wa soul wa Memphis, Marekani, alipotea ghafla na sauti ile yote, basi nimefuatilia mlivyonielekeza. Jamaa alikuwa Goldwax, kalebo kadogo tu ka kurekodi muziki, 1966 akatoka na You've Got My Mind Messed Up ikahit, 1967 ikafuata The Dark End of the Street (hii ndo kali kuliko zote, sibishani na mtu), halafu 1969 lebo ikafa. Lebo ya Atlantic wakamtolea singo moja 1971, ikabuma. Ila kilichommaliza zaidi ni ugonjwa wa akili. Miaka ya 90 alirudi kurekodi, akafariki 2001, kansa ya mapafu. Sasa natafuta sahani (santuri) ya albamu yake A Man Needs a Woman, mwenye nayo aseme bei.